Nyumba ya Tluway Kwenye Njia ya Zamani

Zahanati ya Basotu,
Hanang.
14 Juni 1975

Mpenzi Genoveva,

Barua zangu zinakuja huko mfululizo na wewe kimya. Umenichoka, au mwalimu kaka yako anazitumia kuwashia jiko la uji wa shule? Natania. Lakini natania huku roho iko juu.

Tangu wanihamishe kutoka kwenu mwezi wa kwanza sijapata mtu wa kucheka naye. Basotu ni ziwa, samaki, vumbi na mbu. Wagonjwa wananiita daktari, nami nimeacha kuwasahihisha, maana kumweleza mtu anayetapika kwamba wewe ni Mganga Msaidizi tu ni kumchosha bure. Asubuhi nachoma sindano. Jioni napanda baiskeli yangu ya Phoenix, nakanyaga mpaka kwenye mashamba ya ngano na kurudi, najaribu mapafu. Unajua kwa nini najaribu mapafu? Nakuja. Gari la kunifikisha huko juu sitalipata mwaka huu, petroli haionekani na malori yote yamechukuliwa na Operesheni Vijiji. Ila miguu yangu haijachukuliwa na mtu.

Nataka kukaa chini mbele ya baba yako kama mtu mzima, niseme ninachokitaka. Mama yangu kule Bukoba ameshaniuliza Wambulu wanakula nini. Nimemjibu wanakula ugali kama watu wengine, ila binti zao wana ulimi mkali.

Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie hata tusi.

Wako daima,
Thadei


Kwa Tluway, njia ya zamani,
2 Agosti 1975

Kaka Dionis,

Shikamoo. Hiyo naitoa kwa sababu mama alinifundisha, si kwa sababu unaistahili.

Verediana ameniletea daftari na kalamu pamoja na unga, akaviacha kwenye jiwe kule chini na kurudi mbio kana kwamba mimi ni chui. Mtu tuliyekaa dawati moja! Simlaumu. Baba amesema msichana aliyeshika mimba nyumbani kwa baba yake hawezi kulala chini ya paa moja na watu, na watu wamemsikia. Baba ni mtu wa mila, anaamini anachokisema. Wewe je? Wewe unayesoma waraka kanisani kila Jumapili, unayewafundisha watoto darasani kwamba mkosi ni ujinga, mbona ndiye uliyenibebea godoro mpaka huku?

Nyumba yenyewe haina mlango. Uling'olewa siku ile walipompakia mzee Tluway na wajukuu zake kwenye lori. Kuanzia hapa mpaka chini mbugani hakuna moshi hata mmoja, watu wote wamepelekwa vijijini. Maji nayafuata korongoni, nachimba mchanga kwa bakuli mpaka yatoke. Tumbo limeshakuwa kubwa, nikiinama naona kizunguzungu. Mchana kutwa natazama barabara isiyopitwa na mtu.

Unasema nikubali kwenda kwa mzee Bura kabla mtoto hajazaliwa. Eti mwenyekiti wa kijiji amenihurumia, atafunika aibu yetu. Bura ana wajukuu wanaonyoa ndevu! Na hiyo huruma yake najua inatoka wapi. Mimi nikienda kwake, wewe unapewa Philomena binti yake. Mnabadilishana kama mbuzi mnadani, halafu unaniambia nishukuru.

Unasema pia kwamba Thadei ameikataa mimba, kwamba barua zangu zote ulimpelekea na hakujibu. Siamini. Yule mtu hawezi kunyamaza hata akiwa usingizini. Basi nisikilize, nakuapia kwa huyu mtoto aliye tumboni: siku nitakayomwona Thadei kwa macho yangu mwenyewe ananipita kama anavyopita mti, siku hiyo nitakwenda kwa Bura kwa miguu yangu, wala hamtanisukuma. Kabla ya hapo usinitajie jina lake.

Mwambie mama ninakula.

Mdogo wako,
Genoveva


Shuleni,
9 Agosti 1975

Genoveva,

Nimeipata. Nimeisoma vizuri, hasa pale unapoapa. Nakujua, wewe ukishaapa hurudi nyuma, na baba nimemweleza ili awe shahidi.

Unga huu upime, si wa kugawia ndege. Endelea kuitazama barabara.

Mwl. D. Margwe


Shuleni,
30 Agosti 1975

Ndugu Thadei,

Uhuru na Kazi.

Samahani kwa ukimya wa huku. Genoveva hayupo nyumbani. Tangu Aprili tumempeleka Singida kwa Masista, anajifunza ushonaji, na wale Masista hawaruhusu barua za wanaume kuingia bwenini. Barua zako namtunzia. Alipoondoka aliniachia ujumbe kwamba anakungoja, nami kama kaka yake mkubwa nimeona niusimamie.

Nimezungumza na baba. Yuko tayari kukupokea kabla mvua hazijaanza. Ila ujue ni mzee mgumu. Wameshapita hapa watumishi wa Serikali kutoka mikoa mingine, wakala, wakanywa, wakaacha binti za watu. Kwa hiyo anataka kukupima.

Barabara kubwa ya Katesh usiihangaikie, utakaa njia panda wiki nzima ukisubiri lori. Njoo kwa baiskeli kupitia njia ya zamani, ile waliyoichonga Wajerumani, inayokata mlima pale kwa Tluway. Ni fupi, ila ni kavu. Chukua maji ya kutosha, kwa maana maboma yote ya njiani tumeshayahamisha, hutakuta mtu.

Utamkuta mmoja tu. Mlimani juu kabisa, kando ya barabara, ipo nyumba ya mzee Tluway. Humo anakaa mjane mmoja aliyeharibikiwa mimba, yuko katika metimani. Ulipokuwa kwenye zahanati yetu ulilisikia neno hili. Mtu aliyeguswa na mkosi wa namna hiyo hutengwa mpaka muda wake uishe. Hachoti maji ya watu, haingii kwa watu, na watu hawaingii kwake. Anayesimama kuongea naye anaubeba mkosi mpaka kwenye nyumba anayokwenda. Ukisimama pale baba atajua tu, huku milimani hakuna linalofichika, na bomani kwake hutakanyaga. Habari ya Genoveva itakuwa imekwisha siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo upite. Usisalimu, usiitike, usigeuze shingo.

Najua wewe ni mtu wa sayansi. Hata mimi. Lakini anayetoa binti ni baba, si sayansi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwl. Dionis Margwe


Zahanati ya Basotu,
11 Septemba 1975

Shemeji Mwalimu,

Niruhusu nianze kulizoea hilo neno! Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, mgonjwa akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana mzee, nimefufuka.

Mwambie baba shikamoo yangu. Nitakuja, nitapita njia hiyo, nitafunga mdomo pale pa kufunga. Kwetu pia kuna mambo ya wazee ambayo huulizi kwa nini, unafanya tu na chakula kinaliwa.

Swali dogo tu, shemeji, na naona haya kuliuliza. Huyo mjane anahudumiwa na nani? Mwanamke aliyeharibikiwa mimba anaweza kutokwa damu isiyokatika, anaweza kupata homa ikamwua huku kila mtu anasema ni mkosi. Mkoba wangu wa dawa nitakuwa nao kwenye keria. Nikimkuta katika hali mbaya nifanyeje?

Nijibu haraka, maana tairi nimeshabadilisha.

Mimi shemejio,
Thadei


Shuleni,
20 Septemba 1975

Ndugu Thadei,

Mjane hana ugonjwa wowote. Unga anapelekewa, mimi mwenyewe nasimamia.

Sasa nikuulize na mimi. Unakuja kwetu kama mkwe au kama mganga wa zamu? Kama ni mganga wa zamu, ahirisha, uje siku nyingine na Land Rover ya Serikali, utibu mlima mzima. Kama ni mkwe, fuata ulichoambiwa.

Na ujiandae. Upweke umemharibu yule mwanamke, amekuwa mjanja. Jina lako analijua, nani huku asiyelijua tangu siku zile za zahanati? Ataliita. Atalia, atashika kiuno, atataja mtoto, na huyo mtoto ndiye aliyeharibika. Kila mpita njia anamfanyia hivyo hivyo. Baba amesema kwa mdomo wake: huyo kijana nitamjua kwa jinsi atakavyopita pale.

Tunakungoja Jumamosi tarehe 4 Oktoba.

Mwl. D. Margwe


Zahanati ya Basotu,
7 Oktoba 1975

Mpenzi wangu Genoveva,

Nimekwenda, nimepita, nimekubaliwa! Weka cherehani pembeni usome. Barua hii naipitisha shuleni, kaka yako ameahidi safari hii ataipenyeza kwa Masista hata kama ni ndani ya mkate.

Niliondoka hapa kabla ya jua. Maji kwenye kibuyu na chupa, mkoba wa dawa kwenye keria kwa mazoea tu, maana bila huo mkoba najiona nimetoka uchi. Mwanzoni ni tambarare, nakanyaga huku napiga mluzi, Mlima Hanang uko nyuma yangu umejifunika wingu. Halafu nikaiacha barabara ya malori, nikaingia njia ya zamani. Hapo ndipo raha na taabu zilipoanza pamoja.

Genoveva, kwenu kwenyewe nakufahamu, kijani na ukungu. Sikujua kama upande huu wa mlima ni jangwa. Majani yameungua yamekuwa unga. Miiba ni mirefu kuliko sindano zangu. Mawe meusi, ukikanyaga unasikia moto ndani ya soli. Pale wale Wajerumani walipovusha barabara kwenye makorongo, mawe yao bado yamepangwa vizuri mno, yanangoja magari ambayo hayaji. Penye mchanga nilishuka nikasukuma, penye changarawe nikapanda. Tairi la nyuma likatobolewa. Nikakaa chini ya mgunga, nikachomoa tyubu, nikabandika kiraka, nikapiga pampu, na muda wote ule hakukuwa na sauti nyingine duniani ila ya hiyo pampu. Hata ndege hakuna. Nilipita maboma matupu, paa limeezuliwa hapa, kinu kimelala uani pale. Najua watu wako vijijini, wana shule na maji karibu, na kwenye mikutano mimi mwenyewe napiga makofi. Lakini pale peke yangu nywele zilinisimama.

Halafu mlima. Ah, mlima ule! Nilisukuma baiskeli kwa kifua, jasho linaingia machoni, kila kona nikidhani ndiyo ya mwisho, nikifika naiona nyingine inanicheka. Nilikuita jina lako kwa sauti mara kadhaa, hakuna wa kunisikia, basi nikawa naona raha kuliita.

Sasa nikueleze ya juu, maana nataka ujue mchumba wako ni mtu wa namna gani. Kaka yako alikuwa amenielekeza kwamba pale kwa Tluway kuna mjane katika metimani, aliyeharibikiwa mimba, na kwamba nikisimama kwake baba yako hatanipokea. Mimi na sayansi yangu yote! Lakini nikasema, kama nitampata Genoveva kwa kufunga mdomo kidogo, basi naufunga.

Nilimwona kabla hajaniona. Ameshika nguzo ya mlango, kichwa kimenyolewa, amejitanda blanketi jeusi. Nikainamisha uso, nikawa natazama gurudumu la mbele tu. Akaniona. Akaniita jina, kama kaka yako alivyosema ataniita. Thadei! Thadei! Nikarukia baiskeli palepale ingawa bado ni mlima, nikakanyaga mpaka mapaja yakawaka. Akaanza kunifuata. Hakimbii sawasawa: anakuja, anainama, anashika kiuno, anasimama, anakuja tena. Wanawake wanaotembea hivyo nimewaona wengi kwenye kazi yangu, nikajiambia, lo, huyu anaigiza vizuri. Akasema mtoto, mtoto anakuja. Na hilo nilikuwa nimeshaambiwa.

Sasa kuna kitu cha kuchekesha. Sauti yake ilikuwa kama yako. Kabisa! Nusura nigeuke. Nikajicheka mwenyewe: mapenzi haya yamenifikisha pabaya, nasikia sauti ya Genoveva kwenye koo la kila mwanamke. Nikapiga kengele mfululizo ili nisimsikie, nikavuka kilele, mteremko ukanibeba. Nyuma nikasikia ameanguka, mawe yakaporomoka. Sikugeuka. Breki zilikuwa zimekwisha, nikabana tairi kwa soli ya kiatu mpaka ikanuka, na kengele bado naipiga.

Jioni niko bomani kwenu. Baba yako alinitazama muda mrefu, akasema maneno machache, kaka yako akanitafsiria kwamba amenikubali. Hakutabasamu, lakini wazee wa kwenu nani amewahi kuwaona wanatabasamu? Mama yako hakula. Alinishika mikono yote miwili, akasema maneno mengi sana huku machozi yanamtoka. Unajua Kimbulu changu kinaishia kwenye "panauma wapi". Dionis akatafsiri: anakushukuru kwa kuheshimu mila zetu, anasema karibu mwanangu. Nikashindwa kujizuia, nikalia naye. Sijawahi kupokelewa hivyo hata kwetu.

Asubuhi yake lori la Operesheni lilikuwa linashuka Katesh kwa barabara kubwa, kaka yako akanipakia na baiskeli yangu. Kwa hiyo ule mlima sikuurudia. Baada ya Krismasi tutapanga siku ya ndoa.

Masista wakikuuliza kwa nini unacheka peke yako, waambie una mwanaume mwenye msimamo.

Mume wako mtarajiwa,
Thadei


Shuleni,
10 Oktoba 1975

Genoveva,

Umemwona. Sina la kuongeza.

Mzee Bura atakuja kukuchukua Jumamosi tarehe 18. Jioshe, uvae lile gauni la mama. Mimi nakwenda semina Katesh, nitarudi siku hiyo hiyo.

Mwl. D. Margwe


Kwa Tluway,
26 Oktoba 1975

Thadei,

Barua yako ya kwenda Singida imenifikia. Mimi Singida sijawahi kukanyaga. Dionis alikuwa semina, mfuko wa posta ukapokelewa na Verediana anayepika uji pale shuleni, akaona jina langu, badala ya kuiweka kwenye meza ya mwalimu akaipandisha huku na kuiacha kwenye jiwe wanaloniwekea unga. Hapa ndipo ninapokaa tangu Julai. Mjane uliyempita ni mimi.

Sikuharibikiwa mimba. Mimba ilikuwa yako, ya siku zile za kuagana, na nilikuandikia tangu Machi. Hizo barua zangu kaka yangu anajua alizipeleka wapi. Nilinyoa nywele kwa sababu ya chawa, huku hakuna maji ya kuogea.

Uchungu ulinianza alfajiri ya siku hiyo. Nilikuwa nimeshika nguzo, nikasikia mnyororo wa baiskeli unalia mlimani. Nikasema Mungu yupo. Yupo, na amemleta mwenyewe, na mkoba kwenye keria! Niliuona huo mkoba, Thadei. Nilianza kucheka kwa maumivu yale yale, nikawa nafikiria neno la kwanza la kukutukana kwa kuchelewa.

Nilijifungua palepale nilipoanguka, barabarani, maana kurudi ndani sikuweza. Ni wa kike. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Nilijaribu kukitoa, vidole vinateleza. Wewe unajua kukitoa, ulinisimulia mwenyewe ukijigamba. Alipumua kidogo, akaacha. Nimemzika upande wa juu wa barabara, nikamwekea mawe ya Wajerumani ili fisi wasimfukue. Ukipenda kujua, alikuwa na masikio yako.

Sasa kuna kiapo nilichomwapia Dionis, kwamba siku nitakayokuona unanipita kama mti, nitakwenda kwa Bura kwa miguu yangu. Ndiyo maana alikupitisha huku. Nami nimekitimiza. Mtoto amenifia mikononi na damu bado haijakatika, hiyo ndiyo metimani yenyewe, si ile ya kutungwa. Sikumngoja Bura aje kunichukua. Jumamosi ile nilishuka mchana kweupe, wakati watu wanatoka shamba la Ujamaa. Walipisha njia, wengine waliacha majembe. Nikaingia zizini kwa Bura, nikapita katikati ya ng'ombe wake nikiwashika mgongo mmoja mmoja, nikakamua, nikanywa. Nikasema mume wangu, nimekuja. Yule mzee alirukia ua wa miiba, nguo ikabaki pale.

Kisha nikaenda nyumba ya mwalimu. Nikalala kwenye kitanda kipya alichomtengenezea Philomena. Nikanywa maji ya mtungini kwake, na yaliyobaki nikanawia humo humo. Dionis alirudi kutoka semina akanikuta nimekaa mlangoni. Akaniambia, Genoveva, hizi ni mila potofu, mimi siziamini. Nikamwambia vizuri sana kaka, basi nenda ukawaambie watu.

Amekwenda kuwaambia. Hakuna aliyemfungulia. Shule haina mtoto hata mmoja, maziwa ya Bura yanamwagwa, Philomena amepelekwa kwa wajomba zake. Jumapili alisimama asome waraka, watu wakatoka nje. Sasa mwalimu anakaa ndani, anapelekewa unga, unaachwa mbali. Nasikia anapiga kelele kwamba ataripoti wilayani. Aripoti nini?

Mama ndiye aliyevuka. Alipanda huku na godoro lake kichwani, watu wote wanamwona, akaingia mpaka ndani, akakaa karibu yangu na kunishika tumbo. Na yeye sasa yuko katika metimani. Anasema tangu aolewe hajawahi kupumzika hivi.

Ndiye aliyenieleza ya jioni ile. Dionis aliwaambia wazazi kwamba umekuja kuikana mimba, na baba maneno yake yale machache yalikuwa haya: akishakula aondoke. Mama alipokushika mikono alikuwa anakuambia, umempita mwanangu njiani, siku zake zimefika, rudi ukamchukue, nitakushikia taa mpaka kule juu. Wewe ukalia naye. Akadhani umeelewa. Hakulala, alikaa na taa yake karibu na baiskeli yako akikungoja utoke. Asubuhi akakuona unaipakia kwenye lori.

Usije huku. Usimwandikie baba, usimtume mtu, na salamu za mama yako wa Bukoba, kama zipo, baki nazo. Najua Dionis alikudanganya. Najua sana, na yangu na yeye nimeyamaliza.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Sikuisoma kwa hasira. Nilitaka kukusamehe, Thadei, Mungu anajua, nilikuwa natafuta mahali ambapo hukujua. Umeandika kwamba yule mwanamke alitembea kama unavyowaona wanawake kazini kwako. Umeandika kwamba sauti ilikuwa yangu. Umeandika kwamba ulinisikia nikianguka. Leo asubuhi nimeirudia tena tangu mwanzo, mama akinishikia karatasi, na mahali hapo sijapaona.

Genoveva Margwe